Kompyuta Ikikupeleka Usikokutaka



Tangu kwisha kwa msimu uliopita ofisi ya chama imekuwa ikiletewa suala moja kwa sura mbali mbali. Mwanachama aandika jina la benki yake katika kompyuta ya nyumbani, akitaraji kuona ukurasa wa benki, mara hujiona yuko katika ukurasa wa kamari. Mwengine atafuta khabari za bei ya karafuu, na kila akibonyeza jawabu moja hufunguliwa duka la nchi za mbali liuzalo saa na dawa za kupunguza unene. Wa tatu alituambia kwamba kila awashapo kompyuta hutokea pembeni mwa kioo tangazo jekundu lenye kumwonya kuwa mashine yake imeshikwa na virusi vitano, na kwamba apige simu upesi. Wote watatu waliuliza neno moja: Je, nimpe fundi aifute?

Tumeamua kulijibu suala hili kwa urefu kwa kuwa jambo lenyewe si la mchezo. Wengi wetu siku hizi hatuandiki tena hesabu za wachumaji katika madaftari ya karatasi. Pishi alizochuma kila mtu, fedha alizokwisha kulipwa na zilizobaki, gharama za majamvi na za gari, yote yamo ndani ya kompyuta, na mara nyingi hapana nakala pengine popote. Mwanachama mmoja, ambaye ametupa rukhsa ya kukieleza kisa chake bila ya kumtaja jina, alikuwa na hesabu za misimu minne namna hiyo. Kurasa zake zilipoanza kupotoka alimwita fundi, na fundi akasema kuwa dawa ni moja tu, kuipiga Windows upya. Ikapigwa. Hesabu zote zikenda, na picha za harusi ya binti yake zikenda nazo. Jioni ile alipoiwasha kompyuta iliyosafishwa, akaandika jina la ukurasa aliouzoea, alijikuta pale pale penye kamari. Ugonjwa haukuwa ndani ya kompyuta hata siku moja. Ulikuwa katika kile kisanduku chenye taa kilichowekwa juu ya kabati, kinacholeta intaneti nyumbani, ambacho watu hukiita ruta.

Basi neno letu kubwa ni kwamba kabla ya kutia dawa sharti kwanza pajulikane mahali ulipo ugonjwa. Na hilo mtu aweza kulijua mwenyewe, kwa muda wa robo saa, bila ya kutoa hata shilingi moja.

NJIA INAVYOPINDWA

Kwanza yafaa tuelewe mwendo wenyewe. Unapoandika jina la ukurasa, kompyuta yako haijui jina hilo lakaa wapi. Hupeleka kwanza suala kwa mashine nyengine yenye kazi ya kuweka daftari ya majina, ambayo mafundi huiita DNS, nayo hurejesha nambari ya mahali pa kwenda. Ndipo kompyuta ikaenda kwenye nambari ile na kuomba ukurasa. Na ule mtambo wa upande wa pili una haki ya kujibu: "Sisi tumehama, nenda mahali fulani." Jibu hilo lina nambari zake maalumu, 301 kwa aliyehama moja kwa moja na 302 kwa aliyehama kwa muda. Kwa hivyo si kila kupelekwa kwengine ni uovu. Ukiandika jina la gazeti kwa kifupi ukaona anwani imerefuka yenyewe, au herufi http zimegeuka https, hapo hapana baya. Huo ndio utaratibu.

Uovu huja pale mtu asiyehusika anapojitia katikati ya mwendo huo. Aweza kukaa ndani ya programu unayofungulia kurasa, ambayo tutaiita kivinjari, kama Chrome, Edge au Firefox. Aweza kukaa ndani ya Windows yenyewe, akavishika vivinjari vyote kwa pamoja. Aweza kukaa katika ruta, akavishika vyombo vyote vya nyumba, simu za watoto zikiwamo. Na mara nyengine amekaa katika ukurasa ule wa mwisho wenyewe, kwa kuwa mwenye ukurasa ameingiliwa na wezi. Hapo huna la kufanya ila kumpelekea khabari mwenyewe.

Wako wanaodhani kuwa haya ni matendo ya vijana wasio na kazi. La. Ni biashara, na katika biashara hiyo fedha nyingi hupatikana. Kila mtu anayepelekwa dukani kwa hila huhesabiwa, na aliyempeleka hulipwa ujira wake, mdogo kwa kila kichwa, lakini vichwa ni vingi. Kiko kisa kimoja kilichofika mahakamani ambacho chaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko maelezo yetu yote.

KISA CHA ESTONIA

Baina ya mwaka 2007 na 2011 kundi la watu waliokuwa Estonia, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, lilieneza programu moja haribifu iliyokuja kujulikana kwa jina la DNSChanger. Programu hiyo haikufuta kitu wala haikupiga kelele. Kazi yake ilikuwa moja: kubadilisha ile nambari ya daftari ya majina, ili kompyuta iache kuuliza kwa kampuni yake ya intaneti na iulize kwa mitambo ya kundi lile. Toka hapo wao ndio waliokuwa wakiamua kila jina laelekea wapi. Mtu aliyebonyeza jina la iTunes alifikishwa katika duka jingine lisilohusiana na kampuni ya Apple. Mtu wa Marekani aliyetaka ukurasa wa idara ya kodi ya serikali yake alifikishwa kwa kampuni ya biashara ya kuandaa hesabu za kodi. Na matangazo yaliyokuwamo katika kurasa za kawaida yaliondolewa yakawekwa yao.

Kompyuta kiasi cha milioni 4 zilishikwa, katika nchi zaidi ya 100, na kundi likachuma si chini ya dola milioni 14. Tena programu hiyo ilizizuia programu za kupambana na virusi zisipate kujisasisha, mfano wa mwizi anayemfunga mbwa mdomo kwanza. Na pale ilipoikuta ruta ambayo mwenyewe hakubadilisha neno la siri la kiwandani, iliingia humo na kubadilisha nambari huko huko, wakashikwa wote waliokuwa wakitumia ruta ile, hata ambao kompyuta zao zilikuwa safi. Mwanachama wetu wa hesabu za misimu minne bila ya shaka anafahamu maana ya maneno haya.

Mwezi wa Novemba 2011 watu 6 walikamatwa Estonia, kwa kazi ya pamoja ya polisi wa huko na FBI ya Marekani. Hapo likazuka jambo la ajabu. Lau mitambo ya wezi ingezimwa siku ile ile, mamilioni ya watu wasio na hatia wangejikuta hawana intaneti, kwa kuwa kompyuta zao zilikuwa zikiuliza kila jina kwa mitambo hiyo. Kwa hivyo mahakama iliamuru iwekwe mitambo safi badala yake, chini ya usimamizi wa Internet Systems Consortium, ili watu wapate nafasi ya kuziponya mashine zao. Muda uliongezwa mara moja, na mitambo ikazimwa tarehe 9 Julai 2012. Na hata siku hiyo zilikuwako kompyuta nyingi ambazo wenyewe hawakujua kuwa zi wagonjwa. Mkubwa wa kundi, Vladimir Tsastsin, alihukumiwa New York mwezi wa Aprili 2016 kifungo cha miaka 7 na miezi 3.

Tumekieleza kisa hiki kwa sababu njia ile haikufa kwa kufungwa kwa mtu mmoja. Ruta zenye neno la siri la kiwandani bado zimo majumbani mwetu, na wenye kuzitafuta bado wapo.

MAJARIBIO MATATU

Sasa turudi nyumbani kwako. Chagua ukurasa mmoja ambao umeona ukipotoka, kisha fanya hivi.

Jaribio la kwanza, ufungue ukurasa ule kwa kivinjari chengine katika kompyuta ile ile. Ikiwa kawaida unatumia Chrome, jaribu Edge, ambacho huja pamoja na Windows. Ikiwa kimoja chapotoka na chengine ki salama, basi umeshapata nusu ya jawabu: ugonjwa umo ndani ya kivinjari kile, na hapana haja ya kuigusa Windows.

La pili, uchukue simu, uzime data ya simu ili itumie intaneti ya ruta tu, na ufungue ukurasa ule ule. Nayo ikipotoka, usiishughulikie kompyuta tena, itazame ruta.

La tatu ni kinyume chake. Iunganishe kompyuta na intaneti ya simu, yaani washa hotspoti ya simu na uiache ruta kando. Kompyuta ikiwa salama juu ya intaneti ya simu na mgonjwa juu ya ruta, khabari imethibiti. Ikiwa mgonjwa kote kuwili, na katika vivinjari vyote, basi adui yumo ndani ya Windows.

Yarudie majaribio haya mara mbili tatu, na katika saa mbali mbali, kwani wapotoshaji wengine ni wajanja. Humpotosha mtu mara moja kwa siku, kisha humwacha, ili adhani kuwa ameota.

UGONJWA UKIWA KATIKA KIVINJARI

Kwa tuliyoyaona hapa ofisini, hapa ndipo penye wagonjwa wengi. Na mkosaji wa kwanza ni viendelezi, yaani vile vijiprogramu vidogo vinavyobandikwa juu ya kivinjari ili kuongeza kazi fulani: kufasiri lugha, kupakua nyimbo, kutafuta bei nafuu. Andika chrome://extensions mahali pa anwani ikiwa watumia Chrome, edge://extensions ikiwa ni Edge, au about:addons ikiwa ni Firefox, nawe utaviona vyote katika orodha. Usichokijua wala kukihitaji, kiondoe. Ukiwa na shaka, vizime vyote, kisha washa kimoja kimoja huku ukijaribu ule ukurasa wako, mpaka mkosaji ajifichue.

Usiseme, "Hiki nimekuwa nacho miaka mitatu, hakina neno." Kiendelezi kiitwacho The Great Suspender kilikuwa chema, kikipunguza mzigo wa kompyuta, na watu zaidi ya milioni 2 walikuwa nacho. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza kwa mtu ambaye hakujulikana. Kikasasishwa kimya kimya kwa mikono mipya, na mwezi wa Februari 2021 Google ikakiondoa katika duka lake na kukizima katika vivinjari vya watu kwa kuwa kilikuwa na programu haribifu ndani yake. Waliokuwa nacho hawakubonyeza kitu wala hawakukosea lolote.

Kisha tazama katika mipangilio ya kivinjari mambo mawili: ni mtambo gani wa kutafutia uliowekwa, na ni ukurasa gani unaofunguka wakati wa kuwasha. Ukiona jina usilolijua, libadilishe. Tazama pia ile alama ya kivinjari uliyoiweka mezani mwa kioo. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uangalie sifa zake, na mstari unaotaja mahali programu ilipo. Ikiwa baada ya jina la programu pameandikwa anwani ya ukurasa, basi kila ukibonyeza alama ile unajipeleka mwenyewe kwa adui. Ifute anwani hiyo, au uitupe alama yote na kutengeneza mpya.

Ama lile tangazo jekundu la pembeni, aghalabu si virusi hata kidogo. Ni arifa. Siku moja wewe au mtoto mlifungua ukurasa wa mpira au wa sinema, ukasema, "Bonyeza Ruhusu ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti," mkabonyeza. Maana yake ni kwamba mliupa ukurasa ule rukhsa ya kuwaletea matangazo wakati wowote, na sasa unaitumia rukhsa hiyo kuwatisha. Andika chrome://settings/content/notifications, uwatazame wote walioruhusiwa, na uwatoe usiowajua. Kazi ya dakika mbili, na wako watu waliolipa fedha nyingi kwa ajili yake.

Likitokea onyo lililojaza kioo kizima, likalia kama king'ora na kukataa kufungwa, usipige nambari iliyoandikwa wala usipakue "dawa" inayotolewa. Hapana kivinjari wala Windows inayomtaka mtu apige simu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukifunge kivinjari humo, na utakapokiwasha tena usikubali kirudishe kurasa za mwanzo. Wenye simu zile ni wezi watakaoomba waingie katika kompyuta yako wakiwa mbali, na wakishaingia si kurasa tena zitakazopotoka, ni fedha.

Ikiwa baada ya haya yote bado, kivinjari chaweza kurudishwa katika hali yake ya awali. Katika Chrome ni chrome://settings/reset, na katika Firefox ni about:support. Katika Chrome, alama za kurasa ulizozihifadhi na maneno yako ya siri hayapotei kwa kufanya hivyo. Viendelezi huzimwa, na kurasa ulizokuwa umeingia kwa jina lako utalazimika kuingia upya. Na kama umefungua akaunti ya Google katika Chrome, kumbuka kuwa viendelezi husafiri na akaunti kutoka kompyuta moja hadi nyengine. Mara nyengine mtu huusafisha ugonjwa nyumbani, ukaletwa tena usiku na kompyuta ya dukani.

UKIWA NDANI YA WINDOWS

Hapa pana kazi kidogo, lakini bado si kazi ya kufuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, uandike appwiz.cpl, na orodha ya programu itafunguka. Ipange kwa tarehe ya kuwekwa, uangalie zilizoingia karibu na siku ambayo matatizo yalianza. Programu hizi huja zimebebwa na nyengine: mtu apakua chombo cha kupigia muziki, na katika kukiweka abonyeza "endelea, endelea" bila ya kusoma, na baina ya kurasa zile paliulizwa kama angependa pia "msaidizi wa kutafuta", na alama ya kukubali ilikuwa imekwisha tiwa. Na wale tuchukuao programu zilizovunjwa kufuli, zinazozunguka kisiwani kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, tusishangae kwa tunayoyavuna.

Baada ya kuondoa, ikague kompyuta. Windows ina mlinzi wake, Microsoft Defender, ambaye hana gharama, na anao ukaguzi wa namna ya pekee unaofanyika kabla Windows haijaamka, wa kiasi cha dakika 15, ambapo programu haribifu haipati nafasi ya kujificha. Iko pia AdwCleaner ya kampuni ya Malwarebytes, ya bure, iliyotengenezwa makhsusi kwa wapotoshaji wa aina hii. Ipakue kutoka kwa wenyewe tu. Ukiitafuta kwa kivinjari kigonjwa utaletewa ya bandia. Ipakue kwa mashine nyengine, uilete kwa flashi.

Yamebaki maficho mawili. Moja ni mpangilio wa proksi, katika mipangilio ya mtandao ya Windows: mtu wa kati ambaye kurasa zote hupita kwake. Nyumbani kwa kawaida hapahitajiwi proksi. Ukiiona imewashwa na hapana aliyeiweka, izime. La pili ni faili liitwalo hosts, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc, ambalo ni kama kijidaftari cha majina cha kompyuta yenyewe, na hutazamwa kabla ya kuuliza nje. Mistari yenye kuanza kwa alama ya # ni maelezo tu, haina kazi. Lakini ukiona mstari usio na alama hiyo wenye jina la benki au la mtambo wa kutafutia, hapo pana mkono wa mtu. Likikushinda faili hili, au ukaona kivinjari chasema kuwa "kinasimamiwa na shirika lako" na hali kompyuta ni yako mwenyewe, mwite fundi sasa, kwani walau utamwonyesha pa kutia mkono.

Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi kuwa kompyuta itakufa, lakini matundu mapya hayazibwi kama zamani.

UKIWA KATIKA RUTA

Geuza ruta uangalie karatasi iliyobandikwa chini yake. Utaona anwani ya nambari, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, pamoja na jina na neno la siri la kiwandani. Iandike anwani hiyo katika kivinjari, uingie, utafute mahali pa DNS. Ikiwa pameandikwa nambari ambazo si wewe wala kampuni yako iliyoziweka, umempata adui. Rudisha iwe ya kujipangia yenyewe, au uandike nambari za daftari zijulikanazo, kama 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare.

Lakini aliyeingia mara moja huingia tena. Kwa hivyo lililo bora ni kuirudisha ruta yote katika hali ya kiwandani, kwa kile kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa sindano kwa muda mpaka taa zizimike na kuwaka tena, na mara baada ya hapo, kabla ya kufanya jambo jengine lolote, ubadilishe neno la siri la kuingilia katika ruta. Hili ni jengine, si lile la Wi-Fi unalowapa wageni. Wengi hubadilisha la Wi-Fi wakadhani wamefunga mlango. Tena uisasishe programu ya ruta ikiwa kampuni imetoa mpya. Ruta za laini ya simu hazina taabu katika kurudishwa. Zile zinazoletewa intaneti kwa waya huwa na maelezo ya kampuni ndani yake; ipigie simu kampuni kwanza, usije ukajikatia intaneti mwenyewe.

MANENO YA SIRI

Jambo ambalo watu hulisahau ni hili la mwisho. Ikiwa wakati wa ugonjwa uliingia katika benki, barua pepe au akaunti ya fedha za simu kwa kompyuta ile, yabadilishe maneno ya siri, na uyabadilishe kutoka chombo chengine kilicho safi. Anza na barua pepe, kwa kuwa aliye nayo aweza kuomba maneno mengine yote yapelekwe kwake.

Na katika siku za ugonjwa, kivinjari kikikwambia kuwa muunganisho wako si wa faragha, kikataa kufungua ukurasa wa benki, usitafute njia ya kupita. Daftari ya majina ikipotoshwa, mwizi aweza kukufikisha katika ukurasa uliofanana na wa benki kwa kila kitu, rangi, alama na maandishi, lakini hati ya kuthibitisha jina la benki ni vigumu kwake kuwa nayo. Onyo lile ndilo pekee linalokutenganisha naye. Kifunge kivinjari, uende benki kwa miguu.

Kufuta kompyuta kupo, hatukatai. Ikiwa umepita katika maficho yote na ugonjwa unarudi kila baada ya siku mbili, basi ifutwe; lakini hesabu, barua na picha zitolewe kwanza ziwekwe katika diski ya nje, faili zenyewe tu bila ya programu, na mwenyewe uzifungue katika mashine nyengine uhakikishe kuwa zasomeka, ndipo fundi aanze.

Ofisi imenunua diski ya nje kwa kazi hiyo, na mwanachama yeyote aweza kuazima kwa siku tatu kwa kutia sahihi katika daftari. Atakayependa kusaidiwa katika majaribio matatu na aje siku ya Jumamosi asubuhi. Alete ruta yake na waya wake wa umeme pamoja na kompyuta, maana mara mbili tumeletewa kompyuta peke yake kutoka mbali, tukaikagua hadi adhuhuri, na ikaonekana haina kitu.